Kilio cha Sungura Asiyekuwepo

Koyote hana sababu ya kumwamini binadamu. Kwa zaidi ya miaka mia moja wafugaji na serikali ya Marekani wamemtegea mitego ya chuma, wamemtilia sumu kwenye mizoga na kumpiga risasi kutoka kwenye helikopta, na jibu lake limekuwa kuzaana na kusambaa. Mwanasayansi Thomas Say alipomwingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1823, koyote alikuwa mnyama wa mbuga na majangwa ya magharibi. Leo yuko katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii. Ameteremka kusini hadi Panama. Katika jiji la Chicago watafiti wakiongozwa na Stanley Gehrt wanamfuatilia tangu mwaka 2000, na wanamkuta akivuka barabara kuu usiku na kujilaza mchana vichakani, kwenye bustani na makaburi ya watu.

Kwa ambaye hajamwona, huyu ni wa ukoo mmoja na bweha wa Serengeti, ila mrefu wa miguu na mwingi wa manyoya. Ana kilo 9 hadi 18, masikio yaliyosimama, na mkia mnene anaouteremsha chini anapokimbia. Anakula panya, sungura, matunda, wadudu na mizoga, na penye mifugo anakula wanakondoo na wanambuzi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Na huyu ndiye ambaye mwindaji, amekaa chini mbele ya kichaka na bunduki magotini, anataka aje mwenyewe. Hamfuati nyayo, hamtupii chambo, hana mbwa wa kumsaka. Ana kifilimbi cha mbao au plastiki kisichozidi sana urefu wa kidole cha kati, na pumzi zake. Anachopuliza si wimbo wala mluzi. Ni kilio cha sungura aliyekamatwa.

Kuwinda ni kazi ngumu na mara nyingi huishia patupu. Mla nyama yeyote anajua hilo. Akisikia mnyama mdogo analia kwa maumivu, anaelewa kwamba kazi ngumu imeshafanywa na mwingine, labda mwewe, labda paka, na kilichobaki ni kwenda kunyang'anya. Fisi wa kwetu wanaishi kwa hesabu hiyohiyo. Mwindaji anachofanya ni kutunga kisa kifupi hewani: hapa, nyuma ya kichaka hiki, kuna sungura anakufa, na aliyemkamata si mkubwa. Shida ni kwamba msikilizaji wa kisa hicho ana masikio na pua kali kuliko msimulizi.

Kuita mnyama kwa mdomo ni ujuzi wa kale wa kila mahali penye wawindaji. Katika misitu ya Bonde la Congo, Waaka na Wabaka huchuchumaa, wakabana pua kwa vidole na kutoa mlio wa puani wa funo aliyepatwa na balaa. Funo wenzake hujitokeza kutoka kwenye majani kuja kuona kulikoni, na watafiti wa wanyama wameiazima mbinu hiyo ili kuwahesabu. Uingereza, wanaolinda kuku na kondoo dhidi ya mbweha hulowesha kioo cha gari, wakachukua kipande cha povu jeupe gumu, lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, wakakisugua juu ya kioo. Ule mkwaruzo unaotia ganzi meno ndio unaomleta mbweha. Australia, ambako walowezi walimpeleka mbweha katika karne ya 19 kisha wakajuta, kuna filimbi ya kipande cha bati kilichokunjwa na kutobolewa tundu, maarufu kwa jina la mji wa Tenterfield huko New South Wales.

Lakini biashara ya filimbi za kuitia wala nyama, na elimu nyingi inayoandamana nayo, ni ya Texas. Marble Falls ni mji mdogo katika nchi ya vilima katikati ya jimbo hilo, nchi ya kondoo na mbuzi wa manyoya. Huko Morton Burnham alikuwa akiita mbweha na koyote kwa kufyonza mgongo wa kiganja chake. Wanawe wawili, Murry na Winston, walijifunza kwake, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kutengeneza filimbi na kuziuza kwa posta. Katika mji wa Waco, jimbo hilohilo, Johnny Stewart akashika njia nyingine: alirekodi vilio vya wanyama wenyewe na, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akavitia kwenye santuri. Toka hapo zikawa njia mbili, ya pumzi na ya mashine, na wafuasi wake wanabishana hadi leo.

Ile mbinu ya mzee Burnham haihitaji senti. Bandika midomo iliyolowa mate kwenye ngozi laini iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vuta hewa ndani kwa nguvu. Hutoka sauti nyembamba ya panya aliyebanwa na mlango. Nilipoijaribu barazani, paka wa jirani aliyelala juu ya ukuta aliinua kichwa, akageuza sikio moja, kisha la pili, akashuka. Alikuja hadi hatua chache kutoka nilipokaa, akanitazama usoni, akaenda zake. Sikumpata tena kwa sauti ile, wala siku ya pili yake. Karibu yote ninayotaka kueleza hapa paka yule aliyafupisha.

Mtu anayeanza kujifunza kwa kawaida huuziwa filimbi yenye ulimi wa ndani. Ulimi ni kile kibamba chembamba kinachotikisika hewa inapopita. Katika filimbi hizi mara nyingi ni wa chuma, umefichwa ndani ya bomba, na midomo ya mpulizaji haiufikii, kwa hiyo hana cha kuharibu. Akipuliza, sungura analia. Kiganja kikifunguliwa na kufungwa mbele ya tundu, kilio kinapata ile "waa, waa" ya kiumbe mwenye kinywa. Kasoro yake ni kwamba filimbi inajua sauti moja tu iliyochongewa. Isitoshe, msimu wenyewe ni wa baridi kali, Desemba hadi Februari, koyote akiwa na manyoya mazuri na njaa ya kutosha. Mate hukusanyika juu ya chuma, yakaganda kuwa barafu, na sungura akanyamaza katikati ya kufa kwake. Wenye uzoefu huiweka filimbi kifuani, chini ya koti, mpaka dakika ya kuipuliza.

Filimbi ya ulimi wazi ndiyo chuo chenyewe. Kibamba cha plastiki kimelazwa juu ya kijiubao kilichopinda kidogo. Upande mmoja kimefungwa na ncha ya pili iko huru. Mpulizaji anatia ncha hiyo kinywani na kukibana kibamba kwa mdomo au kwa meno, na pale anapobana ndipo sauti inapoamuliwa. Akibana karibu na ncha, sehemu inayotikisika ni fupi na sauti inapanda: panya, ndege, kitoto cha sungura. Akiiingiza filimbi ndani zaidi na kubana nyuma, sehemu huru inarefuka na sauti inashuka: mtoto wa kulungu, kisha ule mlio mrefu wa koyote mwenyewe. Milimita chache zinabadilisha mnyama. Mpiga zumari wa Lamu asingehitaji kuelezwa haya. Yeye pia anajua kwamba ulimi ule haumhurumii mwenye midomo mizembe, na kwamba ala inaweza kuwa nzuri huku kinachotoka ni kelele.

Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kupuliza kwa mashavu yaliyovimba. Mlio unakuwa mnyoofu, wa king'ora, na hakuna sungura aliyewahi kufa kwa king'ora. Pumzi inatakiwa itoke tumboni, ikatwe vipande vifupi, kila kipande kianze juu na kuanguka, na vipande visilingane. Mnyama anayelia anaishiwa hewa, anajikaza, anapoteza nguvu, anashtuka tena. Walimu wengine humwambia mwanafunzi asipulize bali atamke ndani ya filimbi, akoromee, aingize koo lake. Mazoezi haya hufanyika zaidi ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu hakuna ndoa wala mbwa wa nyumbani anayeyavumilia kwa muda mrefu.

Iko pia ile ya kaakaani: utando wa mpira laini uliotandazwa kwenye fremu ndogo ya umbo la kwato ya farasi, unaobandikwa juu ya ulimi wa mtu na kutikiswa na pumzi. Wengi wakiutia kinywani mara ya kwanza hupatwa na kichefuchefu, na baadhi hawaurudii. Atakayeuvumilia anabaki na mikono miwili ya bunduki. Hilo si dogo, maana koyote akishafika karibu, mkono unaoshusha filimbi unatosha kuliharibu windo zima.

Haya yote ni sehemu nyepesi. Mtu mwenye sikio anaweza kutoa kilio cha kuridhisha baada ya majuma machache, na bado akae msimu mzima bila kuona mkia. Kinachomshinda ni upepo.

Koyote akisikia kilio haji kwa mstari. Anazunguka, akitafuta mahali ambapo upepo unatoka kwenye kilio kwenda puani kwake. Masikio yamempa habari, na sasa anataka pua imthibitishie. Akinusa sabuni, mafuta ya bunduki na jasho la mtu pale panapopaswa kuwa na sungura, mambo yamekwisha, na mara nyingi mwindaji hata hajui kwamba alikuwa na mgeni. Ndiyo maana mpango wa mavizio hutangulia filimbi. Gari linaachwa nyuma ya kilima na mlango unasukumwa polepole mpaka ushike. Hakuna mazungumzo. Watu wanatembea mita mia kadhaa, wanakaa mbele ya kichaka na si nyuma yake, ili kichaka kivunje umbo lao bila kuwaziba macho. Jua liwe mgongoni. Upepo uwe wa usoni au wa ubavuni, na upande ule unakoelekea pawe peupe, ili anayezunguka aonekane kabla hajaifikia harufu.

Mlio wa kwanza ni wa chini, kwa kuwa huenda mnyama amelala mita 100 tu na kishindo kitamkurupusha. Kisha kimya. Kisha kilio kikubwa zaidi, nusu dakika au dakika nzima, na kimya tena cha dakika mbili tatu. Kwa koyote, dakika 15 hadi 20 kwa kawaida zinatosha. Huyo akiamua kuja, huja mbio. Bobkati, paka mwitu wa huko mwenye mkia mfupi kana kwamba ulikatwa, anataka nusu saa na zaidi. Anapiga hatua, anakaa kitako, anatazama, anaonekana kusahau alichofuata, anapiga hatua nyingine. Watu wameinuka na kukung'uta suruali zao kumbe bobkati alikuwa majanini akiwatazama muda wote.

Koyote akishaonekana, filimbi inanyamaza. Zile mita za mwisho huachiwa ufyonzaji wa kiganja, sauti ndogo ya kumkata shaka. Na akiwa bado anakimbia, mwindaji anabweka mara moja, kwa mdomo mtupu. Koyote husimama ghafla kutaka kujua huyu ni mbwa gani. Shabaha inapigwa katika sekunde hizo mbili.

Anayemuita mla nyama anasema uongo, na uongo huo una akiba inayopungua kila unapotumika. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha ufundi wote huu, kuliko aina za filimbi na namna za kupuliza. Koyote aliyekuja akanusa mtu, au akakoswa na risasi akaondoka mzima, ameshajifunza, na mwakani atakisikia kilio kilekile na kubaki alipo. Mwitaji mwenye akili anaishi kama mdaiwa. Harudi kuita kwenye shamba moja kila wiki. Upepo ukigeuka anaondoka, hata kama ameendesha gari saa tatu kufika. Hapulizi filimbi kujifurahisha mahali anapotaka kurudi kuwinda. Akimaliza bila kupata kitu hasimami kwa pupa, kwa sababu koyote aliye mbali, akiona mtu akiinuka kutoka pale sungura alipokuwa akilia, anaunganisha mambo mawili.

Hapo ndipo pumzi inapopata nafasi yake mbele ya mashine. Mashine za siku hizi, kama zile za FOXPRO ya Pennsylvania, hubeba sauti nyingi zilizorekodiwa, hutegwa mbali na mwindaji na kuendeshwa kwa rimoti. Mara nyingi huwa na kimkia cha manyoya kinachozungushwa na mota ili macho nayo yapate chambo chake. Faida haina ubishi: koyote anakaza macho kwenye mashine na si kwa mtu, na aliyenunua jana anaweza leo kuita kwa sauti ya sungura halisi. Lakini sungura wa kwenye rekodi analia kilio kilekile, akimaliza anaanza upya, na mwenye mashine ya aina hiyo upande wa pili wa mto alimliza vivyo hivyo juma lililopita. Pumzi ya mtu haiwezi kujirudia hata ikitaka. Inakwaruza, inakatika, inateleza, na kila mara anatoka sungura mwingine. Wengi hubeba vyote viwili na sioni ubaya. Ila koyote wa sehemu zinazowindwa sana wameshazijua rekodi, na mtu mwenye filimbi ya mbao huko hajapitwa na wakati hata kidogo.

Baadhi huachana kabisa na habari za sungura na kuamua kusema Kikoyote. Mwaka 1978 mtafiti Philip Lehner aliainisha aina 11 za sauti za mnyama huyu, na hapo mwanafunzi anaingia lugha ya watu bila kamusi. Mlio mrefu wa koyote aliye peke yake ni wa kujulisha na kuuliza: mimi niko hapa, nani mwingine yupo? Januari na Februari, msimu wa kupandana, swali hilo linaweza kumleta dume au jike kutoka mbali. Kilio cha mtoto wa koyote huwaleta wazazi wakati wa kulea. Mlio wa ukali, ule wa mwenye eneo akimfokea mvamizi, humleta mwenye eneo akiwa amesimamisha manyoya, lakini kijana asiye na makao akiusikia anakimbia upande wa pili. Kosea lafudhi, umemfukuza uliyekuja kumwita. Na koyote wenyewe ni mabingwa wa kutia chumvi: wawili wakilia pamoja kwa kubadilisha sauti haraka haraka, mfugaji aliye kitandani ataapa kwamba kundi zima limezingira zizi.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Anayelia kama sungura amewaita wote wanaokula sungura. Mbweha wa kijivu, ambaye hupanda miti, huja. Mwewe huja. Bundi mkubwa wa Marekani hushuka bila kelele na kuipiga kofia ya mwitaji kwa kucha, maana alichoona yeye ni kitu kidogo kinachotikisika pale panapotoka kilio. Huja pia puma na dubu, na hao hawana desturi ya kutokea mbele. Kwa sababu hiyo wawili hukaa wakipeana migongo katika nchi ya puma. Binadamu wenzao ni hatari nyingine: mtu aliyevaa nguo za mabaka, aliyejificha, anayetoa sauti ya mnyama, amejiweka mahali ambapo mwindaji mwingine mwenye haraka anaweza kumdhania mnyama.

Haraka hiyohiyo imewagharimu wanyama wanaolindwa. Mbwa mwitu wa Meksiko alirudishwa nyikani na serikali kuanzia mwaka 1998, katika mpaka wa Arizona na New Mexico, baada ya kufutika kabisa huko. Kwa mbali, hasa akiwa mchanga, anafanana na koyote, na wapo waliouawa na watu waliojitetea kwamba walidhani ni koyote. Kujua kuita bila kujua kutambua aliyeitika ni ujuzi nusu.

Kisha lipo swali la kwa nini wamuue. Wapo wafugaji wenye hasara ya kweli. Mtu aliyeokota wanakondoo waliochanwa koo alfajiri hahitaji kuhubiriwa na mwandishi aliye barazani. Wapo wauza ngozi, ingawa soko la manyoya limeporomoka mno. Na wapo wanaowinda kwa kuwa ni mchezo mgumu. Kitengo cha Wildlife Services cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kiliua zaidi ya koyote 60,000 mwaka 2018 pekee, kwa fedha za umma, na mnyama hakupungua kwa namna ya kuonekana. Panapouawa wengi, waliobaki wanapata chakula tele, majike wachanga wanaanza kuzaa, watoto wengi zaidi wanapona. Kumwondoa koyote mmoja aliyezoea zizi fulani kuna maana. Kufyeka kundi zima la bonde, kwa hesabu hizo, ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Kilichowachosha Wamarekani wengi ni mashindano. Timu zinatoka alfajiri na filimbi na mashine zao, jioni zinarudi kupanga mizoga kwenye sakafu, na aliyeua wengi au mzito kuliko wote anachukua zawadi. California ilikuwa ya kwanza kukataza zawadi za namna hiyo, mwaka 2014. Vermont ikapiga marufuku mashindano ya koyote mwaka 2018, na mwaka 2019 zikafuata New Mexico na Arizona, majimbo ambayo kuwinda kwa filimbi kumekuwa sehemu ya maisha ya mashamba kwa muda mrefu. Sheria hizo hazikugusa filimbi wala uwindaji wenyewe. Zilikataa hesabu ya mizoga kugeuzwa bao, na nadhani zilikuwa sahihi. Waitaji wa zamani niwajuao kwa maandishi yao wanajivunia koyote mmoja aliyefika hadi miguuni, na wengine hukiri kwamba walimtazama tu.

Msomaji wa Nairobi asikimbilie kuagiza filimbi. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na Tanzania unaruhusiwa kwa leseni na masharti yake. Lakini kuwaita wala nyama kwa sauti ya uongo kumefanyika sana kwetu, kwa kalamu na daftari badala ya bunduki. Katika Maasai Mara, Joseph Ogutu na Holly Dublin waliweka vipaza sauti juu ya gari ili kuwaita simba na fisi na kukadiria idadi yao, na wakachapisha matokeo mwaka 1998. Njia hiyo sasa imeenea. Kwa kawaida sauti zinazochezwa ni za ndama anayelia au fisi wanaogombania mzoga, na anayehesabu anakaa ndani ya gari, jambo ambalo halihitaji maelezo. Simba hawana tofauti na koyote katika hili. Ukiwaita mara kwa mara pale pale bila nyama, wanaacha kuja, na hesabu yako inakuwa pungufu bila wewe kujua. Serengeti, mwaka 1994, Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walieleza walivyochezea majike wa simba ngurumo za wageni: jike mmoja anayenguruma, na wakati mwingine watatu. Wenyeji walihesabu. Walipokuwa wengi kuliko ngurumo walizosikia, walikwenda kuwakabili, walipozidiwa walisitasita. Kwa hiyo hata anayedanganya simba kwa kipaza sauti anapaswa kufikiri amesema ni wangapi.

Karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe wao hawadanganyi. Humwita ndege mlembe kwa miluzi yao maalumu, mlembe anawatangulia mti kwa mti hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini, wao wanapata asali, yeye huambulia mabaki ya nta. Utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa Wahadzabe huitikia mwito wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, na mlembe wa kwa Wayao naye anaupendelea mwito wa kwao. Wito huo umetumika vizazi na vizazi na haujachakaa. Anayeuitikia ana cha kutumaini.

Kanada wapo wanaoita bila bunduki na bila asali. Katika hifadhi ya Algonquin, jimbo la Ontario, watafiti waliomfuata Douglas Pimlott kuwachunguza mbwa mwitu waligundua kwamba wanyama hao huwajibu watu wanaolia kama wao, kwa mdomo mtupu, hata sauti isipokuwa nzuri sana. Agosti 1963 wafanyakazi wa hifadhi walialika umma kusikiliza, na desturi hiyo ingaliko. Hufanyika Alhamisi za Agosti. Mara nyingi hujitokeza watu zaidi ya elfu moja, magari yakipangana kandokando ya barabara namba 60 taa zikiwa zimezimwa, watoto wakikatazwa hata kufungua pakiti za biskuti, na mfanyakazi mmoja anainua uso na kulia. Hakuna mbwa mwitu anayelazimishwa kujibu, na hifadhi haijifanyi kwamba inaweza kuwaagiza. Usiku wa Jumatano wafanyakazi hutangulia kuzunguka gizani, wakilia hapa na pale mpaka wapate kundi linaloitikia mahali ambapo magari yanaweza kufika. Wasipojibiwa Jumatano, Alhamisi hiyo hakuna shughuli, na wageni wanatangaziwa wasubiri wiki ijayo.